Vifaa vya kupima ziwa kupitia Kasumbalesa: dhana potofu kuhusu namba ya ushuru

Wanaoagiza vifaa vya kupimia maji ya Tanganyika, Mweru au Upemba kutoka hapa Lubumbashi wengi hupotezea pesa mahali pamoja: kwenye fakture, yaani ankara ya muuzaji. Vifaa vimetengenezwa kwa ajili ya bahari, vimeshushwa Dar es Salaam, vimevuka Zambia, na vikifika Kasumbalesa, kituo cha mpaka wa Zambia na Kongo, deklarani (wakala wa forodha) anatakiwa kuvipa namba ya ushuru. Dhana zifuatazo ndizo zinazomponza.

“Kifaa cha mtafiti ni 90.15, basi.”

Ni kweli kwamba namba 90.15 inataja vifaa vya oseanografia, hidrografia, hidrolojia, hali ya hewa na jiofizikia. Sonde ya CTD, inayopima joto, kina na jinsi maji yanavyopitisha umeme, mahali pake ni 9015.80. Lakini kanuni ya kwanza ya mfumo wa SH (Système Harmonisé, orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa) inasema kinachoamua ni maneno ya namba yenyewe pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura. Kazi ya mwenye mali haimo. Winchi ya kushushia sonde ni 84.25, iwe ya profesa au ya fundi wa gereji. Waya wa chuma uliosokotwa ni 73.12, kamba ya nailoni 56.07, kebo ya umeme 85.44, boya 89.07, boti ya kujaza upepo 89.03, na mota yake ya nyuma 84.07. Kipima pH kinaenda 90.27. Kifaa cha kawaida cha kupima kina kwa mwangwi, kile wanachotumia hata wavuvi kutafuta samaki, ni 90.14 pamoja na vifaa vya kuongozea vyombo.

Wapo pia wanaohofia kinyume chake: kwamba Katanga haina bahari, kwa hiyo kifaa cha bahari kitakataliwa kuitwa cha sayansi. Hofu hiyo haina msingi. Kifaa huainishwa kwa jinsi kilivyo kinapofika mpakani, si kwa maji kitakamozamishwa, na hidrolojia imetajwa wazi kwenye namba ileile.

“Kipuri hufuata mashine yake.”

Hapa ndipo makosa yanapokuwa mengi, na inafaa kusoma maelezo ya sura ya 90 taratibu. Maelezo ya 1 yanaondoa kabisa baadhi ya vitu: pete za mpira za kuzuia maji zinabaki 40.16 hata kama zimekatwa kwa kipimo cha sonde yako, na boliti za chuma zinabaki 73.18. Maelezo ya 2 yanasema kipuri ambacho chenyewe kina namba yake katika sura ya 84, 85, 90 au 91 kinakwenda kwenye namba hiyo. Kwa hiyo kipima joto kinachokuja peke yake ni 90.25, kipima shinikizo ni 90.26, betri zisizochajiwa za akiba ni 85.06 na za kuchaji ni 85.07. Baada ya kuondoa hivyo vyote, kinachobaki na kinachofaa sonde hiyo tu, kama ganda lake la titani, ndicho kinachoingia 9015.90. Anayeandika “vipuri vya sonde” kwa mstari mmoja anamwachia mkaguzi akisie.

“Mzigo mmoja, namba moja.”

Mara chache ni kweli. Sonde, kisanduku chake cha kusomea data juu ya boti na kebo inayoviunganisha, vikiletwa pamoja, vinaweza kuhesabiwa kifaa kimoja, kwa sababu vyote vinafanya kazi moja iliyotajwa na namba moja. Sanduku gumu lenye sifongo iliyochongwa kwa umbo la sonde nalo huifuata sonde, kwa kanuni ya 5. Winchi na boti havimo. Fakture inayosema «matériel scientifique, 1 lot» (vifaa vya sayansi, fungu moja) inakaribisha mzigo mzima kupewa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, na lori kulala maegeshoni huku mkitafuta karatasi.

Dawa yake: kila kitu mstari wake, kwa Kifaransa, na idadi, bei na namba ya serie ya kiwandani. Ambatanisha fiche technique (karatasi ya maelezo ya kiufundi) ya ukurasa mmoja inayosema kifaa kinapima nini na kinashuka hadi mita ngapi. Mpe deklarani kabla lori halijaondoka bandarini.

Namba aliyoandika muuzaji isikuridhishe. Tarakimu 6 za kwanza ndizo za dunia nzima. Zinazofuata kila nchi hujipangia, na kwetu namba kamili ni ya tarakimu 8. Tazama pia toleo. SH ya 2022 iliziundia drone namba mpya, 88.06, lakini ni za kuruka angani tu. “Drone ya chini ya maji” haiingii humo, hata kama fakture imeiita drone.

“Namba ikiwa sahihi, hatulipi.”

Namba inasema kitu ni nini. Msamaha ni ombi lingine, lenye karatasi zake, na lazima uwe umekubaliwa kabla ya mzigo kufika. Bila msamaha, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% hutozwa juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya kifaa pamoja na bima na usafirishaji, ikijumlishwa na ushuru. Tuseme CIF ni dola 12,000: kwa ushuru wa 5% utalipa 600, na TVA 2,016, jumla 2,616. Kwa 10% ni 1,200 na 2,112, jumla 3,312. Tofauti ya dola 696 imetokana na namba peke yake.

Kwa kifaa cha kuazima kitakachorudi Ulaya, omba kuingiza kwa muda, utaratibu ambao kwa kawaida hudai dhamana. Kinachoharibu mara nyingi ni namba ya serie: kihisi kikibadilishwa njiani na karatasi zikabaki na namba ya zamani, wakati wa kutoka hesabu haifungi na dhamana hairudi. Mabadiliko yoyote yaandikishwe forodhani siku hizohizo, pamoja na chochote kilichozama ziwani.