Maktaba huria zisizo na msimbo chanzo: yanayoaminika na ukweli wake

Chukua mradi wa programu ulioandikwa kwa lugha ya Java kati ya 2005 na 2010, ujaribu kuujenga upya leo kuanzia mwanzo. Msimbo wa mradi wenyewe mara nyingi hausumbui. Kinachokwamisha ni maktaba tatu nne (vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine) zilizowekwa na mtu ambaye alishaondoka: faili za JAR, yaani vifurushi vya Java iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa iwe tayari kuendeshwa na mashine), zinazofanya kazi kila siku, lakini hakuna ajuaye msimbo chanzo wake, maandishi ya asili ya programu, uko wapi. Zote zina leseni huria. Hapo watu hujifariji kwa mambo yasiyo ya kweli, na faraja hiyo inatuumiza zaidi sisi tunaotunza mifumo kwa miaka mingi baada ya walioiandika kuhamia kwingine.

Dhana: "Leseni ni huria, basi msimbo upo."

Leseni inatoa ruhusa, haihifadhi kitu. Leseni za MIT, BSD na Apache 2.0 zinamruhusu mtu akupe programu iliyokwisha kukompailiwa bila mstari hata mmoja wa chanzo, na hajavunja sharti lolote. Leseni ya GPL ndiyo inayodai chanzo kipatikane. Hata hivyo toleo lake la pili, la mwaka 1991, linamruhusu msambazaji atoe ahadi ya maandishi badala ya chanzo chenyewe, na ahadi hiyo inatosha ikidumu miaka 3. Haki ya kuomba ilikuwepo. Kama hakuna aliyeomba kwa wakati, imekwisha.

Dhana: "Ipo Maven Central, kwa hiyo iko salama."

Maven Central, ghala la mtandaoni la maktaba za Java, kimsingi ni ghala la faili zilizokwisha kukompailiwa. Chanzo huwekwa pembeni kama faili nyingine. Leo anayepakia maktaba pale analazimika kuweka na chanzo, lakini zamani utaratibu haukuwa mkali, ndiyo maana matoleo mengi ya kale yana JAR na POM tu (POM ni faili inayoeleza maktaba na vitegemezi vyake, yaani maktaba nyingine inazozihitaji). Na hata chanzo kinapokuwepo, aghalabu ni faili za .java peke yake: skripti ya Ant, zana ya kujengea, iliyozijenga haimo, wala faili za sarufi zilizozalisha sehemu ya msimbo huo. Utaweza kuisoma, lakini kuijenga ni kazi nyingine.

Wakati mwingine hata JAR haipo. Log4j 1.2.15, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, ilisumbua watu wengi kwa sababu hiyo. POM yake ilitaja maktaba za jmxtools na jmxri za Sun, kampuni iliyounda Java, toleo la 1.2.1. Maelezo ya maktaba hizo yamo ghalani, ila JAR zenyewe hazimo, kwa kuwa leseni ya Sun haikuruhusu ghala kuzigawa. Mtu anahangaika na mipangilio ya kompyuta yake, kumbe dawa ni kuziondoa kwenye orodha ya vitegemezi au kuhamia 1.2.16.

Ukisema ufuate anwani ya chanzo iliyoandikwa kwenye POM, unakuta mlango umefungwa. Tovuti za kuhifadhi msimbo nazo hufa: Codehaus na Gitorious zilifungwa 2015, Google Code ikafuata Januari 2016, java.net 2017, na mwaka 2020 Bitbucket ikaondoa hazina zote za Mercurial, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo kama Git. Maelfu ya POM bado yanaelekeza huko.

Dhana: "Msimbo ninaouona GitHub ndio uliomo kwenye kifurushi."

Hii ndiyo dhana hatari kuliko zote, na ingefaa iwe imekufa tangu Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi ya hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotegemewa na karibu kila Linux. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yameshaathirika. Aliyeuweka, kwa jina la bandia la Jia Tan, alikuwa amejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Namna alivyouficha inatuhusu moja kwa moja. Sehemu ya shambulio ilikuwa ndani ya faili za majaribio, na hizo zilionekana kwenye Git, hazina ya wazi ya msimbo. Lakini skripti iliyoziamsha wakati wa kujenga, build-to-host.m4 iliyochezewa, haikuwemo kwenye Git kabisa. Ilikuwa ndani ya furushi la toleo tu, lile ambalo watunzaji wa mifumo ya Linux kama Debian na Fedora hulipakua na kujengea. Aliyekagua hazina ya Git mstari kwa mstari asingeiona.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 maktaba ya npm, ghala la maktaba za JavaScript, iitwayo event-stream iliongezewa kitegemezi kipya, flatmap-stream. Kwenye GitHub msimbo wake ulikuwa safi. Faili iliyofupishwa ndani ya kifurushi cha npm ilikuwa na mistari ya ziada, iliyolenga kuiba bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay.

Kwa hiyo kuwa na chanzo fulani hakutoshi. Swali la kuuliza ni kama chanzo hicho ndicho kilichozaa faili inayoendeshwa kwenye seva yako. Njia ya uhakika ni kukijenga mwenyewe na kulinganisha matokeo baiti kwa baiti, kazi ambayo watu wa Debian wamekuwa wakiisukuma tangu 2013 ili kifurushi kijengwe popote na kitoke kilekile.

Dhana: "Imefanya kazi miaka 15. Chanzo cha nini?"

Kwa sababu ulimwengu ulioizunguka haukusimama. Java 11, mwaka 2018, iliondoa maktaba za JAXB na CORBA zilizokuwa sehemu ya Java yenyewe. Jakarta EE 9, viwango vya Java ya upande wa seva, mwaka 2020 ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta, na Spring Boot 3, zana maarufu ya kujengea programu za Java, ikafuata 2022. Maktaba ya zamani inayoita javax.servlet haiwezi kukaa na Tomcat 10, seva ya programu za Java, bila kubadilishwa. Mwenye chanzo anabadilisha majina, anakompaili, anaendelea. Asiye nacho inambidi atumie zana ya kuhamisha ya Tomcat, inayobadilisha majina ndani ya JAR yenyewe, kisha aombe Mungu.

Mifumo ya afya tunayoitegemea huku kwetu imo katika mkondo huohuo. OpenMRS ilianza 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na wenzao wa Eldoret. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo inatumika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Yote miwili ni ya Java, na msimbo wake uko wazi na unatunzwa. Ila anayeandika moduli ya ziada akachomeka JAR aliyoipata mtandaoni, ameiachia wizara au hospitali deni ambalo halijaandikwa popote.

Dhana: "Ikibidi, tutadekompaili."

Kudekompaili ni kurudisha faili iliyokompailiwa iwe msimbo unaosomeka. Kwa JAR ndogo inawezekana, na zana kama CFR au Fernflower hufanya kazi nzuri. Lakini maoni ya mwandishi yamepotea, majina ya vigeu vya ndani mara nyingi yamepotea, na namna ya kujenga haimo. Kwa C++ hali ni mbaya zaidi. Novemba 2017 Microsoft ilipoziba mwanya kwenye kihariri cha milinganyo cha Office, faili iliyokompailiwa mwaka 2000, wachambuzi wa usalama wa 0patch walionyesha kwamba rekebisho lilifanywa kwa mkono moja kwa moja ndani ya faili ya mashine, kana kwamba chanzo hakikuwepo. Januari 2018 kihariri hicho kikaondolewa kabisa. Na hao ni Microsoft, wenye wahandisi wa kila aina.

Dhana: "Kuna mtu amehifadhi."

Huenda, na inafaa kutafuta. Software Heritage, kumbukumbu ya msimbo chanzo iliyozinduliwa na taasisi ya utafiti ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016, ina hazina za Google Code na Gitorious, na takriban 250,000 za Mercurial kutoka Bitbucket. Faili zake hutambuliwa kwa yaliyomo, kwa hiyo ukiwa na faili moja ya chanzo unaweza kujua kama inajulikana. Ukiwa na JAR tu, njia hiyo haikusaidii. Na kilichokuwa kwenye seva ya CVS, mfumo wa zamani wa kutunza msimbo, iliyozimwa mwaka 2009 bila nakala, hakuna wa kukirudisha.

Mimi hutafuta kwanza snapshot.debian.org, ghala la vifurushi vya zamani vya Debian, lenye kumbukumbu tangu 2005. Debian huweka chanzo pamoja na kila kifurushi, na JAR zilizokuja tayari ndani ya furushi la mwandishi huondolewa. Ukiona +dfsg kwenye namba ya toleo, jua kuna kitu kilichotolewa humo, na mara nyingi orodha ya vilivyotolewa imeandikwa. Ukikipata chanzo, kihifadhi kwenye hazina yako, kijenge kwenye mashine isiyo na intaneti, halafu ulinganishe na JAR unayoitumia. Anza na zile zilizo kwenye folda ya lib ambazo jina la faili halina hata namba ya toleo.