Redio ya upepo inanguruma? Iache altaneta kwanza

Hapa Arusha dereva wa watalii akiniletea Land Cruiser yenye kelele kwenye redio ya kuwasiliana na madereva wenzake, hukumu huwa ameshaitoa: "Fundi, altaneta imekufa." Mara nyingi altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, ni nzima. Na injini ya 1HZ, iliyomo kwenye nyingi ya Land Cruiser hizi, ni dizeli ya pampu, haina plagi za kurusha cheche, kwa hiyo ule mlio wa ta-ta-ta wa magari ya petroli hautoki humo.

Kwanza nafungua skwelchi, kitufe cha kunyamazisha kelele pasipo na anayeongea. Madereva wengi huikaza mpaka redio inyamaze, wakidhani wametibu. Wameficha kelele, na wamemficha pia mwenzao anayeita kutoka mbali.

Kisha, injini ikiunguruma, nachomoa waya wa antena. Kelele ikikatika, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inapita kwenye waya za umeme. (Waya wa antena ukiwa umechomolewa usibonyeze kitufe cha kuongea, unaweza kuunguza redio.) Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, huo sasa ni wa altaneta. Hata hapo sikimbilii kuibadilisha: navuta waya mbili nene moja kwa moja kutoka betri hadi redio, fyuzi karibu na betri. Redio iliyoungwa kwenye tundu la kiberiti haitulii.

Inayonichosha ni ile ya antena. Nazima injini, naacha redio, nachomoa kifaa kimoja kimoja: friji, inveta, taa za LED, chaja za USB. Vingi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kubadilisha volti, na cha bei poa hakina kichujio. Kuna gari lilinila nusu siku. Chanzo kilikuwa chaja ndogo nyuma ya kiti cha mwisho, haina hata simu. Chaja nzuri ni bora kuliko kuhangaika na feraiti, kipande cha sumaku cha kuzuia kelele kwenye waya, ingawa feraiti ya VHF (masafa ya redio hizi), waya ukizungushwa mara mbili tatu jirani na kifaa, husaidia.

Usisahau ethi, yaani muungano wa antena na bodi ya gari. Kwa kuwa paa hufunguka, antena nyingi ziko kwenye bampa la mbele, jirani kabisa na injini, na barabara za makorongo hulegeza kila nati. Nakwangua rangi na kutu chini ya kitako cha antena, kisha naunga boneti na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa.

Ile chaja ninayo kwenye droo. Dereva akibisha, naichomeka.