Je, wajua kwa nini skrini nyeusi ni dalili njema unapoflashi chuma cha kulehemu?

Fundi simu akisikia neno "kuflashi", yaani kuandika programu mpya ndani ya kifaa, anaijua hofu yake: umeme ukikatika katikati ya kazi, simu inaweza kufa jumla, na mwenye simu amekaa hapo hapo anasubiri. Siku hizi hofu hiyo imehamia hadi kwenye chuma cha kulehemu. Unakichomeka kwenye kompyuta huku umebana kitufe, unangoja kioo kiwake, na kioo kinabaki cheusi tii. Hakuna taa wala mlio. Wengi hapo huchomoa waya haraka na kuanza upya, tena na tena, wakiamini kimekufa. Kumbe weusi ule ndio waliokuwa wanautafuta.

Kwanza, chuma cha kuyeyushia lehemu kina haja gani ya programu? Cha zamani kilikuwa waya wa joto ndani ya bomba: ukichomeka kinashika moto, ukichomoa kinapoa, basi. Vipo hadi leo na sividharau. Lakini vyuma vya kisasa kama TS100 ya Miniware au Pinecil ya Pine64, vyembamba kama kalamu nene, vimebeba kompyuta ndogo ndani ya mpini, na kompyuta hiyo ina kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwa nje.

Shida inaanzia kwenye ncha. Ndani yake mna hita na kihisi joto, na vyote viwili vinatumia njia ile ile ya umeme, kimoja baada ya kingine. Kihisi chenyewe ni maungio ya metali mbili tofauti, ambayo yakipata moto hutoa makumi machache tu ya mikrovolti kwa kila digrii. Volti 20 zikiwa zinapita hapo hapo kwenda kwenye hita, sauti ndogo kiasi hicho haisikiki hata kidogo. Kwa hiyo chipu hukata umeme kwa kitambo kifupi sana, hungoja waya utulie, hupima, hupiga hesabu, kisha hurudisha umeme. Mchezo huo hurudiwa mara nyingi kila sekunde, nawe ukishika mpini huhisi chochote. Tena kihisi hakisemi ncha ina joto kiasi gani. Kinasema imeuzidi upande wa mpini kwa kiasi gani. Inabidi kihisi kingine cha mpinini kisomwe, na joto lake lijumlishwe. Programu ikikosea hapo, utaweka digrii 320 na kupata nyingine kabisa, huku skrini ikikuonyesha 320 bila aibu.

Na kosa hilo lina uzito. Lehemu ya zamani ya bati na risasi, ile ya asilimia 63 bati kwa 37 risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na risasi, ambayo mafundi tunaendelea kuiita risasi hivyo hivyo, kwa aina zake za kawaida hudai 217 au zaidi.

Kisha kuna mazungumzo na chaja. Chaja ya USB-C yenye mfumo wa PD (Power Delivery, wa kukubaliana volti na kifaa) haitoi volti nyingi hivi hivi. Lazima kifaa kiombe. Ncha ya Pinecil ya kawaida ina ukinzani wa omu 8 hivi, kwa hiyo ikipata volti 12 inatoa wati 18 tu, lakini ikipata volti 20 inafika wati 50. Ncha ni ile ile, mkono ni ule ule, tofauti imeletwa na ombi. Anayeomba ni programu dhibiti, yaani ile inayoendesha kompyuta ya mpinini. Ndiyo maana toleo jipya linaweza kukiongezea nguvu chuma ambacho hakijaguswa kwa bisibisi: matoleo ya karibuni ya IronOS, programu dhibiti ya Pinecil, yaliiwezesha Pinecil V2 kuomba hadi volti 28 kwa chaja zinazozitoa.

IronOS ni programu dhibiti huria iliyoanzishwa na Ben V. Brown, anayejulikana zaidi kwa jina la Ralim. Ilianza kama mbadala wa programu ya kiwandani ya TS100, sasa inaendesha vyuma kadhaa, na Pinecil hutoka kiwandani ikiwa nayo. Ina leseni ya GPL, kwa hiyo yeyote anaweza kusoma jinsi joto linavyopimwa na kurekebisha anapoona pamekosewa.

Sasa turudi kwenye weusi. Chipu ya Pinecil ikipata umeme, kabla ya kufanya lolote huchungulia mguu wake mmoja kuona una umeme au hauna. Kitufe cha kutoa (−) kimeungwa na mguu huo. Usipokibana, chipu inaingia kwenye kumbukumbu ya flashi, inaikuta IronOS, na IronOS inawasha skrini. Ukikibana wakati wa kuchomeka, chipu haiendi huko kabisa. Inaamsha programu nyingine fupi iliyochomwa kiwandani ndani ya chipu yenyewe, mahali pasipoandikika tena. Programu hiyo inajua jambo moja tu: kupokea data kutoka kompyuta na kuiandika kwenye flashi. Haijui kwamba imefungwa ndani ya chuma cha kulehemu, haijui hata kama kuna skrini. Itaiwashaje?

Hapo hapo ndipo inapotoka amani ya moyo. Kwa kuwa sehemu hiyo haifutiki, ukikatikiwa na umeme katikati ya kuandika, chuma kitagoma kuwaka kwa kawaida, lakini mlango wa nyuma utakuwa wazi vile vile. Unabana kitufe, unachomeka, unarudia. Tofauti yake na simu iko hapo: kwa simu nyingi unaweza kuharibu hata kile kinachopokea programu mpya.

Zana zenyewe zinategemea chipu. Pinecil ya kwanza ina chipu ya GD32VF103 inayoelewa DFU, utaratibu wa USB uliowekwa maalumu kwa kazi hii. Unapakua faili la toleo jipya kutoka ukurasa wa mradi wa IronOS, unafungua kidirisha cha amri, na kabla ya yote unauliza kama kompyuta inakiona chuma:

dfu-util -l

Likitokea jina lenye namba 28e9:0189, weusi ule ni mzima wa afya. Kisha:

dfu-util -D Pinecil_EN.dfu

Herufi mbili za mwisho wa jina la faili ni lugha ya menyu, hivyo angalia usije ukajikuta unasoma usichokielewa. Pinecil V2, iliyotoka 2022, ina chipu ya BL706 yenye utaratibu wake mwingine, na zana yake huria ni blisp:

blisp write -c bl70x --reset Pinecilv2_EN.bin

Kitufe kibane sekunde 10 hadi 15 tangu unapochomeka, usiwe na haraka ya kukiachia. Kwenye Linux, ukiambiwa huna ruhusa, anza amri kwa sudo. Kwenye Windows, Pinecil ya kwanza huhitaji draiva ya WinUSB, ambayo huwekwa kwa programu ya Zadig.

TS100 ni habari nyingine. Kipokezi chake, yaani ile programu fupi ya kupokea data, kiliandikwa na Miniware wenyewe, kinaijua skrini, na kinaandika DFU juu yake. Kompyuta inakiona chuma kama diski ndogo. Unaburuta faili la hex humo, diski inapotea na kurudi, na jina la faili linakuwa limegeuka kuwa na mwisho wa RDY. Ukikuta ERR, imekataa, rudia.

Kama hakuna kinachoonekana kwenye kompyuta, usikilaumu chuma kabla ya kubadilisha kebo. Kebo nyingi za bei ndogo zina waya za umeme tu, za data hazimo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa kebo ya namna hiyo, nikabadilisha kompyuta mbili na draiva tatu. Kebo ndiyo pekee niliyoiamini tangu mwanzo, kwa sababu ilikuwa inachaji simu vizuri.

Jambo moja tu ndilo la hatari kweli. Pinecil ina tundu la USB-C na tundu la duara la umeme wa DC. Usichomeke vyote viwili kwa wakati mmoja, hasa waya wa pili ukiwa umeingia kwenye kompyuta: tundu la kompyuta ni la volti 5, na hutaki likutane na 24 za upande wa DC.

Ukimaliza, chomoa, kisha washa kwa chaja bila kubana chochote. Mipangilio yako huenda imerudi ya kiwandani, kwa hiyo pitia tena joto na muda wa kulala. Ukitaka kusahihisha upimaji, kwenye menyu mna chaguo la kurekebisha kihisi cha mpini chuma kitakapowashwa tena, na lifanye asubuhi kabla hujakitumia, ncha na mpini vikiwa na joto moja la chumba. Kujua toleo lililoingia, bana kitufe cha kutoa ukiwa kwenye skrini ya mwanzo. Namba itatokea, safari hii kwenye kioo kilichowaka.