Darubini inayokuza "mara 525"

Boksi la darubini ya kutazamia nyota ya bei nafuu huwa limeandikwa kwa herufi kubwa: inakuza mara 525. Wengi tumezoea kuamini kwamba inayokuza zaidi ndiyo inayoona zaidi. Sivyo.

Kihesabu, 525 si uongo. Chukua darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 700, gawa kwa ule wa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, wa milimita 4, unapata 175. Weka na lenzi ya kuzidisha mara tatu: 525 hiyo. Tatizo ni mwanga. Lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60 hukusanya mwanga kidogo, na ukiutandaza mno, picha inafifia kama chai iliyozidishwa maji. Kikomo cha kawaida ni takriban mara mbili ya upana huo: hapa, mara 120. Hewa ikiwa na msukosuko, hata huko hufiki.

Januari 1610, Galileo aliona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza takriban mara 20 tu. Pete za Zohali huonekana kwa mara 50 hivi. Kilimia, lile kundi la nyota, ndiyo kabisa: ukikuza sana, nyota zake nyingi zinatoka nje ya duara la kuonea.

Kwa hiyo dukani uliza upana wa lenzi ya mbele, kisha itikise miguu yake mitatu. Ikitetemeka, iache (mimi huanzia hapo). Nyumbani anza na lenzi ya jicho ya milimita 20 au 25, ambayo hukuza kidogo. Tafuta Mwezi, ndipo ubadilishe. Jua usilielekezee kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wa darubini.