Protini ya utando inapofanywa iyeyuke majini

Wanafunzi wangu hapa Arusha hushangaa ninapowaambia kwamba kuitoa protini katika utando wa seli bila kuiharibu ni kazi ngumu kuliko kuisoma. Utando ni tabaka mbili za mafuta, na protini iliyozama humo ina ngozi ya asidi amino (vipande vinavyounda protini) zinazokimbia maji. Ukiitia majini, nakala zake hushikamana na kuganda kama mafuta kwenye sufuria iliyopoa. Kwa miaka mingi tumezizuia kwa sabuni maalumu, ambazo ni ghali na mara nyingi hulegeza umbo lile lile tulilotaka kulichunguza.

Njia nyingine ni kuibadilisha protini yenyewe. Mwaka 2004 kundi la William DeGrado, Marekani, lilitumia kompyuta kuchagua asidi amino zilizogusa mafuta kwenye KcsA, mfereji wa potasiamu wa bakteria, likabadilisha hizo na kuacha kiini. Kanuni ya QTY (herufi za glutamini, threonini na tairosini), iliyotolewa mwaka 2018 na kundi la Shuguang Zhang wa MIT, chuo cha Marekani, haihangaiki hivyo na uchaguzi: katika sehemu zinazopita ndani ya utando, lusini huwa glutamini, isolusini na valini huwa threonini, na fenilalanini huwa tairosini. Kila jozi inafanana kwa umbo, ila mrithi hushikana na maji. Tairosini, kwa mfano, ni fenilalanini iliyoongezewa haidroksili (oksijeni na haidrojeni) moja tu. Nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni rahisi mno kufanya kazi. Hata hivyo CCR5, kipokezi ambacho VVU hukitumia kuingia kwenye seli, kilibadilishwa hivyo na bado kikaishika molekuli yake ya asili.

Mwaka 2024 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walikwenda mbali zaidi: walibuni kwa akili bandia mfuatano mpya wa asidi amino unaojikunja katika umbo la klaudini, protini ya utando inayounganisha seli jirani, ukaweza hata kushikwa na sumu ya bakteria Clostridium perfringens.

Mtu akiniuliza kuhusu malaria, humtajia PfCRT, protini ya kimelea inayoiondoa klorokwini kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea, na ambayo mabadiliko yake yalichangia dawa hiyo kuachwa nchini mwaka 2001. Nakala yake inayoyeyuka, ikipatikana, ingefaa kutafutia molekuli za kuiziba. Kuisafirisha klorokwini isingeweza, kwa kuwa usafirishaji unahitaji utando wenye pande mbili, na majini hakuna ndani wala nje.