Kadi ya chama na kibali cha siri

Mzee mmoja wa Tabora, sasa raia wa Marekani, alikuja ofisini kwangu hapa Maryland na fomu SF-86 aliyoichapisha ili aijaribu kwa kalamu kwanza. Amepata kazi ya ukalimani wa Kiswahili kwa mkandarasi wa serikali, na hataanza mpaka apewe kibali cha kuona nyaraka za siri. Fomu hiyo ndiyo ya kukiomba, na ina kurasa zaidi ya 100. Alipofika sehemu ya 29, ile ya vyama na vikundi, kalamu ikasimama. Akatoa kwenye pochi kadi ya CCM ya 1986, imelika pembeni.

"Mwanangu, na hii niiandike?"

Sehemu ya 29 haiulizi chama. Inauliza kama umewahi kuwa kwenye kundi la kigaidi, au linalotaka kuipindua serikali ya Marekani kwa nguvu, na mengine ya namna hiyo. Nikamwambia airudishe kadi yake. Lililomhusu liko sehemu ya 20: umewahi kupiga kura nchi nyingine? Alipiga 1990. Basi ajibu ndiyo, aeleze, yaishe. Kura ile haina neno. Kudanganya kwenye fomu ndiko kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5.

Mwongozo wa upekuzi unaotumika tangu Juni 2017 una vigezo 13, na cha kwanza ni utii kwa nchi. Kinagusa ujasusi, hujuma, uhaini na kushirikiana na wanaofanya hayo. Hata aliyejiunga na kundi baya ana nafasi ya kujieleza: labda alishughulika na kazi halali za kundi hilo tu, au aliingia kwa muda mfupi kwa udadisi wa kisomi. Kuipinga serikali kwa maneno hakumo. Naona hapo ndipo mstari unapostahili kukaa.

Haukukaa hapo siku zote. Mwanafizikia J. Robert Oppenheimer aliongoza maabara ya Los Alamos iliyounda bomu la atomiki, na jeshi lilimpa kibali huku likijua mkewe na mdogo wake waliwahi kuwa wakomunisti. Desemba 1953, akiwa sasa mshauri wa serikali, yaleyale yakafufuliwa, safari hii yakiambatana na tuhuma kwamba alipinga kutengenezwa kwa bomu la haidrojeni. Yaani ushauri alioajiriwa kuutoa uligeuzwa ushahidi. Juni 29, 1954 Tume ya Nishati ya Atomiki ikamnyima kibali kwa kura 4 dhidi ya 1, siku moja kabla mkataba wake haujaisha. Uamuzi ulizungumzia tabia yake na watu aliojuana nao, lakini nani hakuliona lile bomu nyuma ya maneno? Serikali iliufuta Desemba 2022, miaka 55 baada ya kifo chake.

Wanaotaka itikadi ipimwe wana hoja nzito, na jina lake ni Klaus Fuchs, mwanafizikia. Alikuwa mkomunisti tangu Ujerumani, Waingereza wakampitisha, naye akawapa Wasovieti siri za Los Alamos hiyohiyo. Sawa. Lakini Aldrich Ames wa shirika la ujasusi la CIA, aliyewauzia Wasovieti siri, hakuwa na itikadi ya kupekua. Alitaka fedha. Alinunua nyumba ya zaidi ya dola nusu milioni kwa fedha taslimu, akaendesha Jaguar kwa mshahara wa serikali, akapita kipimo cha uongo mara mbili, mpaka alipokamatwa 1994. Mimi ningeanza na taarifa za benki.

Kinachonisumbua ni upungufu wa sheria. Amri ya Rais Clinton ya 1995 inakataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia, asili na mengineyo katika kutoa vibali. Maoni ya kisiasa hayatajwi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1988 katika kesi ya Egan, mahakama hukwepa kuhoji kwa nini mtu kanyimwa. Januari 2025 Rais Trump alifuta vibali vya maofisa wa zamani wa ujasusi waliotia saini barua ya 2020 iliyodai kwamba habari za kompyuta ya Hunter Biden, mtoto wa Joe Biden, zilinuka mkono wa Urusi. Barua ile unaweza kuiona ya hovyo, na bado ukajiuliza wamevujisha siri gani.

Mzee alimaliza kujaza saa kumi jioni. Akaniuliza kama kibali kikitoka ataruhusiwa kuendelea kubishana siasa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao. Nikamwambia abishane, asiseme tu anafanya kazi gani.