Wai-Fai ya wageni ndani ya ruta yako

Kama una ndugu Marekani, muulize kuhusu jina "xfinitywifi". Atakwambia simu yake huliona karibu kila mtaa. Mara nyingi linatoka sebuleni mwa mtu. Mwaka 2013 Comcast, kampuni ya intaneti ya huko, ilianza kuwasha mtandao wa pili ndani ya ruta inazowakodisha wateja, ili mteja mwingine akipita aingie kwa akaunti yake. Juni 2014 iliwasha ruta 50,000 hivi za majumbani mjini Houston. Huduma huja imeshawashwa. Asiyeitaka ndiye mwenye kazi ya kuizima.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mpita njia ataweza kuchungulia mafaili ya mwenye nyumba. Kwa jinsi mfumo ulivyopangwa, hapana. Ruta ni moja ila inatangaza majina mawili, na data ya wageni hutengwa humohumo, ikapita njia yake hadi kwenye mitambo ya kampuni na kutoka kwa anwani ya IP (namba inayomtambulisha mtumiaji mtandaoni) isiyo yako. Mgeni akifanya uhuni, anayefuatwa ni mwenye akaunti iliyotumika. Hata kwenye kebo inayoleta intaneti nyumbani, kasi ya wageni imewekwa kando ya ile unayolipia.

Mnachogombania ni hewa. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja ya Wai-Fai husubiriana: kimoja kikirusha, vingine vinanyamaza. Sasa mtu yuko barabarani, kuta mbili zimemkatiza, simu yake imeshuka hadi megabiti chache kwa sekunde. Video ambayo laptop yako ingeivuta fasta, yeye anaivuta kwa kujikongoja, na muda wote huo anakula zamu zenu. Nyumba yenye uwanja mpana haitahisi kitu. Fleti iliyo juu ya mgahawa, kwenye masafa ya Wai-Fai ya 2.4 GHz yenye chaneli tatu tu zisizoingiliana, itahisi.

Ujerumani jambo hili lilifika mahakamani. Watetezi wa walaji wa jimbo la Nordrhein-Westfalen waliishtaki kampuni ya intaneti ya Unitymedia kwa kuwasha Wai-Fai ya wageni kwenye ruta za wateja, na mwaka 2019 mahakama ya juu, Bundesgerichtshof, ikaamua kwamba kampuni haihitaji ridhaa ya mteja kwanza, mradi aweze kujitoa wakati wowote na huduma yake isiharibike. Kisheria sawa. Mimi bado naona ustaarabu ulikuwa kwa kampuni ya Fon ya Hispania, iliyoungana na kampuni ya simu ya BT ya Uingereza mwaka 2007: ulikuwa ukitoa Wai-Fai yako, nawe unatumia za wenzako.

Anayepaswa kuogopa zaidi ni mgeni. Simu iliyowahi kuingia kwenye mtandao usio na nenosiri hukumbuka jina lake tu. Tapeli akiipa ruta yake jina hilohilo na kuweka ukurasa wa kuingilia unaofanana na wa kampuni, simu itajiunga yenyewe nawe utamwandikia nenosiri lako. Kwa hiyo ufute mtandao huo kwenye simu ukimaliza, au zima kujiunga kwa moja kwa moja.

Aliyekodi ruta ya kampuni anaweza kuizima huduma hii kwenye akaunti yake. Aliyenunua modemu na ruta yake dukani haimhusu.